Biskuti Nyeusi za Ganako

Nimestaafu. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala kitenge cha kumpelekea mke wangu, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu mwajiri wangu alikuwa mimi mwenyewe, na mwajiri huyo namfahamu vizuri: mchoyo. Kilichonistaafisha ni mgongo. Siku ile niliinama kutoa sinia kwenye tanuri nikabaki nimeinama vile vile, na ninyi vijana wangu mkadhani natafuta kitu nilichoangusha. Mlinisaidia kukitafuta. Nawashukuru.

Mmeniomba niandike kazi hii ilivyoanza, nadhani ili nibaki nyumbani na kalamu badala ya kuja kibandani kuwasimamia na kunusa kila bakuli. Mmenipatia. Kukaa nyumbani ndicho kipaji changu. Biskuti zilikuja baadaye, kama njia ya kukitetea.

Jina langu ni Safari. Kwetu Wairaqw ni jina la kawaida, na mara nyingi hupewa mtoto aliyezaliwa mama akiwa njiani. Mama yangu alikuwa anatoka Mbulu kuja Karatu, akashikwa na uchungu, akajifungulia Kansay kwa shangazi. Ndiyo safari pekee niliyowahi kuifanya bila kulalamika, na hata hiyo nilibebwa.

Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa ameshaamua kwamba nitakuwa karani kwenye shamba la kahawa. Alininunulia kalamu kabla matokeo hayajatoka. Matokeo yalipotoka alizichukua kalamu zake. Nikakaa nyumbani miezi kadhaa kwa raha sana, mpaka akanitafutia kazi kwenye hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Meneja alinifanyia usaili kwa Kiingereza, akanisikiliza kidogo, akaona itakuwa salama zaidi nikikaa mbali na wageni. Nikapelekwa jikoni.

Huko ndiko nilikomkuta Mzee Ntandu. Alikuwa Mnyaturu wa Singida, mfupi, mwenye mikono mipana kama majembe, aliyekuja Karatu akiwa kijana kuchuma kahawa za watu, akaingizwa jikoni kwa tajiri wa shamba, na mwishowe akawa mwokaji mkuu wa hoteli. Alinitazama kuanzia viatu.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, mzee."

"Ahaa. Basi wewe utachekecha unga. Huo haujasoma, mtaelewana."

Tangu hapo akaniita Bwana Kidato. Siku hiyo yote nilichekecha unga. Jioni akanifunga macho kwa kitambaa, akanipitishia puani mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi kavu na pilipili manga, nitaje kimoja kimoja. Nilipatia karafuu. Kwenye pilipili manga nilipiga chafya ndani ya unga nilioushindia kutwa. Mzee akaniondolea kitambaa taratibu, akasema, "Chekecha tena."

Biskuti za kakao zenye viungo zilikuwa zake. Kila asubuhi wageni walishuka kreta na lanchi boksi: yai, paja la kuku, ndizi, na biskuti. Mzee alikuwa na nadharia yake. Mtu ametoka kwao mbali, ameamshwa gizani, ametetemeka kwenye ukungu mpaka meno yamegongana, kisha ameonyeshwa simba aliyelala. Mtu huyo anahitaji kufarijiwa. Kakao inamfariji, tangawizi na pilipili vinampasha moto, na huko kwao atasema Afrika ni tamu.

Alinifundisha mambo ambayo na ninyi niliwafundisha bila kuwaambia nilikoyatoa. Kwamba kinyunya cha biskuti hakikandwi kama cha chapati. Kikusanye tu, ukiacha kabla hakijakasirika. Kwamba ukishakikusanya ukipumzishe mahali pa baridi, na kule juu kila mahali palikuwa pa baridi, hata kitandani. Kwamba viungo vikaangwe kidogo kabla ya kutwangwa. Na kwamba biskuti unayoiona imeiva ikiwa ndani ya tanuri umeshachelewa. Itoe katikati ikiwa bado laini, imalizikie nje yenyewe.

Kazi niliipenda. Mahali ndipo palipokuwa na matatizo. Kati ya jikoni na vyumba vyetu vya wafanyakazi walilala nyati, na choo kilikuwa upande wa nyati. Ukungu uliingia chumbani bila hodi. Nguo niliyofua Jumatatu niliivaa Ijumaa ikiwa bado na maji. Lakini sitawadanganya kwamba niliondoka kwa sababu ya nyati au ukungu. Nilikuwa natamani kwetu, na kwetu kulikuwa hapo chini tu, ningeweza kurusha jiwe. Nilikwenda likizo. Mpaka leo naweza kusema bado niko kwenye likizo ile.

Nikaoa. Mke wangu Paulina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikubali kuishi Ganako kwenye kipande cha shamba nilichogawiwa na baba. Yeye aliondoka asubuhi kwenda kufundisha, mimi nikabaki na kuku, mahindi, na baadaye mtoto wetu Anna mgongoni. Majirani walifurahi sana. Wanaume waliokuwa wakipita kwenda vilabuni walinisalimia, "Mama Anna hujambo?" Nami niliwajibu kwamba sijambo, na wasalimie wake zao waliowafukuza.

Siku moja dereva wa hoteli, Hamisi, aliyekuwa akishuka na pikapu kununua mboga Karatu, alisimama mlangoni kwetu.

"Mzee Ntandu anakusalimu," akasema. "Anasema boksi zimekuwa nyingi, na mikate peke yake inammaliza. Anasema kama wewe huendi kazini, basi kazi ije kwako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuoka nyumbani. Hotelini kulikuwa na tanuri la gesi. Mimi nilinunua pipa la mafuta. Nikalilaza juu ya mawe, nikalipaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi na majivu, nikamwomba fundi bati anikatie mlango na sinia. Moto wa chini, sinia katikati, makaa machache juu ya mgongo wa pipa. Kuni nzuri zilikuwa matawi ya mikahawa yaliyopogolewa mashambani. Yanawaka polepole na hayana moshi mkali. Kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye sinia tupu. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, ingiza biskuti. Ukigeuka mweusi, nenda kanywe hiyo chai kwanza.

Nilichosahau ni kwamba pipa lina historia yake. Sinia za kwanza zilitoka na harufu ya dizeli kali kiasi kwamba Paulina alinikataza kuwasha sigara ya jirani karibu nazo. Ndiyo maana huwa nawaambia pipa jipya lichomwe tupu siku nzima, kisha lichomwe tena, kisha mlinuse, kisha mlichome.

Badala ya siagi nilitumia samli. Niliinunua kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiileta mnadani kutoka upande wa Endulen, niliyemwita Yeyo, kama wanavyowaita mama zao. Vibuyu vyao hufukizwa kwa kijinga cha mzeituni pori, na samli inatoka na harufu ya moshi kwa mbali. Kwa biskuti za vanila ingekuwa balaa. Kwa kakao na viungo ilikaa kama iliyoitwa.

Kisha ikaja miaka ile mliyosimuliwa na wazazi wenu, ya maduka yenye makabati mengi na bidhaa moja. Sukari ilipotea, nikahamia sukari guru. Kakao niliipata kwa kubembeleza. Lakini kilichonikwamisha kilikuwa kile kiungaunga cha kuumulia, bekin pauda. Kikaisha Karatu yote, kikaisha Arusha, na hotelini Mzee alibaki na hamira yake ya mikate tu. Nami nilikuwa nadaiwa makopo ya biskuti Ijumaa.

Hapo nikakumbuka somo la kemia. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu katika kemia, nikaona niliheshimu. Mwalimu alisema magadi ni ndugu wa ule unga. Na magadi Karatu hayajawahi kuisha. Yanatoka kwenye maziwa yetu yenye chumvi, kila mama anayapikia maharage. Nikachukua bonge, nikalitwanga, nikalitia kwenye kinyunya kwa moyo mweupe.

Paulina alirudi shule, akatafuna ya kwanza, akasimama kutafuna.

"Baba Anna, hii niile au nioshee sahani?"

"Kula. Ni kemia."

"Kemia yako ina povu."

Nilijaribu tena na tena. Niliyaloweka magadi, nikayaacha mchanga ushuke, nikayachuja kwa kitambaa, nikapunguza mpaka yakabaki kijiko cha maji yake. Povu likaondoka. Biskuti zikaumuka vizuri, ladha ya kakao ikatulia, uchungu ukapungua. Tatizo likawa moja: zilikuwa nyeusi. Nyeusi ti, kama chini ya sufuria. Kakao ikikutana na magadi hubadilika rangi, jambo ambalo mwalimu wa kemia hakulitaja au mimi nilikuwa nimelala. Ijumaa ilikuwa imefika na Hamisi anapiga honi. Nikazifunga, nikampa.

Yaliyotokea juu alinisimulia Hamisi mwenyewe. Meneja alifungua kopo, akaita, "Mzee Ntandu, mtu wako ameunguza kazi yote hii."

Mzee akachukua moja, akala. Akachukua ya pili. Akafunika kopo.

"Kweli, bwana. Zimeungua vibaya. Niachie nikazitupe."

Alizitupa ndani ya lanchi boksi za kesho yake, bila kumwambia mtu. Jioni wageni wakarudi kutoka kreta wakiuliza zile biskuti nyeusi zinaitwaje. Meneja hakusita hata kidogo. Akawaambia zimepikwa makusudi zifanane na udongo wa volkano. Tangu siku hiyo, hata bekin pauda iliporudi madukani, niliambiwa nisiiguse.

Basi miaka ikaenda hivyo, nami nikawa mtu mwenye bahati kuliko wote Karatu: nalala kwangu, naamka kwangu, na kazi inakuja mlangoni ikipiga honi. Nilidhani itakuwa hivyo mpaka nife.

Siku Hamisi alipokuja bila kuwa siku ya mboga, nilijua kuna jambo. "Meneja anakuita," akasema. "Vaa viatu."

Meneja hakuzunguka. Mzee Ntandu amechoka, anarudi kwao Singida moja kwa moja. Hoteli inataka mwokaji mmoja wa kuishi pale, ashike mikate na biskuti pamoja. Nafasi ni yangu. Nikikataa, atatafutwa mwingine wa kufanya vyote viwili, na makopo ya Ganako yatakoma. Nikaona nyumba yangu, pipa langu, kigoda changu, vyote vikiniaga.

Nilimfuata Mzee Ntandu jikoni. Alikuwa anapaka bati mafuta.

"Mzee, huwezi kujivuta mwaka mmoja tu?"

"Nimejivuta mpaka nimerefuka."

"Mimi nina nyumba, mzee. Nina mke na mtoto."

"Na mimi unadhani nilizaliwa kwenye gunia la unga?" Aliweka brashi chini. "Sikiliza, Bwana Kidato. Nyumba yako iko hapo chini, ukisimama ukingoni unaona moshi wake. Mimi nimejenga nyumba Singida kwa kutuma mshahara. Ina mlango wa mbao nilioulipia mimi. Sijawahi kukaa mle masika yakaanza yakaisha. Wakiniuliza mlango wangu unafungukia ndani au nje, sijui."

Hata mimi, nisiyependa kwenda popote, nilielewa kwamba mtu huyu alikuwa amekaa nje ya kwake muda wote ambao mimi nilikaa ndani ya kwangu, na kwamba kazi yangu yote ilinijia mlangoni kwa sababu yeye alikuwa kule juu kuituma.

Nikamweleza Paulina, nikitegemea atalia kidogo.

"Nenda," akasema.

"Hunizuii?"

"Nikuzuie kwa nini? Tangu tuoane sijawahi kukukumbuka hata siku moja. Hujawahi kunipa nafasi."

Nikaenda. Mzee aliondoka na sanduku moja, wapishi wote wakamsindikiza mpaka barabarani, naye akanikabidhi funguo za stoo bila hotuba. Aliniambia tu nisiupige mkate makofi.

Ukungu ulikuwa vile vile. Nyati nadhani walikuwa wapya, lakini walilala pale pale. Mikate ilinitesa, kule juu kinyunya kinaumuka upesi kikidhani kimealikwa, halafu kinalala chini, na mimi nilikuwa na viganja vya biskuti. Biskuti zenyewe, kwenye tanuri la gesi, zilitoka vizuri. Nisemeje, zilitoka nzuri kuliko za nyumbani, zote sawasawa, hakuna iliyopinda. Nililichukia sana tanuri lile. Ningependa kuwaambia kwamba pipa linashinda gesi, mngejisikia vizuri, lakini linashindwa.

Kila Hamisi alipotoka Karatu nilimuuliza habari za nyumbani.

"Mama Anna hajambo," alisema. "Anaimba."

"Anaimba nini?"

"Anaimba tu. Hata sisi barabarani tunasikia."

Nilikuwa nimepanga kuvumilia juma kwa juma nikitafuta sababu ya kuugua. Lakini kila nilipoikaribia sababu, niliuona ule mlango wa Singida. Mwishowe nikamwagiza Hamisi aniletee blanketi la pili na kigoda changu. Alipopandisha kigoda kwenye pikapu, Anna alimuuliza kama baba sasa ni wa hoteli. Hamisi aliniambia hilo akicheka. Mimi sikucheka. Nilikiweka kigoda pembeni mwa magunia ya unga, nikakikalia, nikajua nimekubali.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza tu wakati pikapu ya mboga ilipopanda na abiria katikati ya kabichi. Alishuka kwa kusaidiwa, na kopo la asali mkononi.

"Shikamoo, Mzee Ntandu. Umekuja kutusalimia?"

"Marahaba. Nimekuja kazini."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani kuna watu," akasema, kama anayetaja ugonjwa. Akaingia jikoni, akaonja kinyunya changu, akakunja uso, akaketi kwenye kigoda changu. "Nikiamka saa ya kuwasha tanuri, mke wangu anauliza nani anaumwa. Nikioka mkate, wajukuu wanauliza ugali uko wapi. Nikikaa, wanauliza mbona nimekaa. Yule mama ameiendesha nyumba ile miaka yote bila mimi, Bwana Kidato. Kila kitu kina mahali pake. Mtoto akitafuta chumvi gizani anaipata. Ni mimi tu ambaye wananigonga wakipita."

"Na mlango?"

"Unafungukia nje. Ulinipiga usoni siku ya kwanza."

Tulicheka, lakini si sana. Nilimwonea huruma, na huku moyo wangu unaruka kama mbuzi, na najua aliuona ukiruka. "Nenda kwako," akasema. "Na mimi niko kwangu. Toa mikate yako humu kabla sijaugua."

Meneja alimrudisha kazini bila kuuliza, kwa sababu alikuwa ameila mikate yangu. Akasema makopo ya Ganako yaanze tena Ijumaa. Nilishuka na pikapu ile ile, nimekaa juu ya magunia matupu, na nilipoona paa letu nilianza kutengeneza maneno ya kumwambia mke wangu.

Paulina alikuwa barazani anasahihisha madaftari.

"Wamekufukuza?"

"Mzee Ntandu amerudi. Nimerudi moja kwa moja, Mama Anna."

Akaweka kalamu chini. "Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kukukumbuka," akasema. Kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Kwa Paulina hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Baada ya chai nilichukua kuni nikaelekea kwenye pipa.

"Usiwashe," akasema nyuma yangu. "Kuku amelalia humo."

"Ndani ya tanuri?"

"Lilikuwa limekaa bure. Mwenyewe hakuwepo."

Nikafungua mlango wa bati. Kweli, alikuwa ameketi kwenye majani makavu pale pa sinia, amejaza pipa kwa mabawa, jicho moja limenikazia.

"Mama Anna, hoteli inataka makopo Ijumaa."

"Waambie wasubiri. Mimi vifaranga vyangu siwezi kuvihamisha kwa ajili ya wazungu."

Nikamtuma Hamisi na ujumbe huo, nikiwa na hakika kwamba kazi niliyoirudia nimeipoteza tena siku hiyo hiyo. Alirudi na majibu. Meneja ameshawaambia wageni kwamba biskuti za volkano ni za msimu. Na Mzee Ntandu anasema kuku asisumbuliwe kabisa, maana akishtuka ataacha mayai, na hapo hatutapata vifaranga wala biskuti.

Basi nikakaa. Kigoda kilikuwa kimebaki juu na Mzee, nikavuta jiwe mbele ya pipa. Paulina alikwenda shule, Anna alicheza uani, mvua ilipiga migomba, na popote hapakuwa na honi. Asubuhi mpaka jioni nilimtazama kuku, naye akanitazama. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa kazini.